Mwaka wa Chungu Kilichogeuza Shingo

Mwezi uliopita nilikutana na Chacha Mwita mjini Migori, baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kutoonana. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka la simu la binti yake, ndevu zimekuwa nyeupe, magoti yamemshinda. Aliponiona navuka barabara hakusimama wala hakunisalimia. Alinitazama tu, akafumba jicho moja kama alivyokuwa akifanya zamani nyuma ya kamera, akasema, "Akeyo, geuza bega kidogo." Tulicheka mpaka binti yake akatoka kuona kuna nini. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu sote wawili tulijua ni nani hakuwepo. Dorsila, mwalimu wangu wa ufinyanzi, alizikwa chini ya kilima cha Asego miaka minane iliyopita, na siku ile Chacha alikuwa amelazwa hospitali, hakuweza kufika. Binti yake alituletea chai ya maziwa na mahamri. Tukaanza kuutaja mwaka ule, yeye akikumbuka hiki, mimi nikimsahihisha kile, hata jua likatuhamisha kutoka upande mmoja wa baraza hadi mwingine. Niliporudi nyumbani niliona afadhali niuandike kabla haujabaki na mtu mmoja wa kuusimulia.

Ulikuwa katikati ya miaka ya tisini, mwaka ambao magugu maji yaliziba gati la Homa Bay hata mgeni angeweza kudhani ziwa limegeuka malisho ya ng'ombe. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Jinsi nilivyofika kwa Dorsila Anyango ni habari ndefu isiyo na maana hapa. Itoshe kusema nilikwenda kukaa wiki mbili, nikakaa miaka sita. Dorsila alikuwa mfinyanzi, mjane aliyevuka hamsini, mwenye vidole vifupi vinene na sauti ya chini iliyokufanya umsogelee. Jiko lake lilikuwa kubwa kuliko nyumba ya kulala. Upande mmoja palikuwa na mafiga, upande wa pili vyungu vibichi vimepangwa juu ya nyasi, vikikauka polepole kwa moto uleule uliopika chakula chetu. Tulikula katikati yao. Ukinyoosha mkono kuchukua tonge la ugali wa mtama, ilibidi kiwiko chako kijue kilipo chungu kilicho nyuma yako. Mwaka ule samaki walikuwa adimu kwa sababu ya magugu, kwa hiyo tulikula osuga, ile mboga chungu, iliyolazwa ndani ya maziwa, na omena, wale dagaa wa ziwani, walipopatikana. Mpaka leo nikisikia harufu ya omena wa kukaanga pua yangu huitafuta harufu ya udongo mbichi iliyopaswa kuandamana nayo.

Wanawake walikuja pale kuagiza vyungu, wakaketi muda mrefu kuliko walivyohitaji. Mimi nilikuwa kwenye kona yangu nikisokota udongo, masikio wazi. Nilijifunza mengi kwa kuwasikiliza. Nilijua nani mtungi wake unavuja kwa sababu aliununua kwa mfinyanzi mwingine, na nani ameachwa na mume akaondoka na chungu kimoja tu, cha Dorsila, amekifunga kwa leso mgongoni kama mtoto. Waliposema "nyungu ya Dorsila" walisema kama mtu anayetaja jina la shule nzuri. Yeye hakujibu sifa. Aliendelea kulainisha tumbo la chungu kwa kipande cha kibuyu, mara mojamoja akinitupia neno: "Akeyo, huo udongo umekauka. Weka maji." Siku hizi nina karakana yangu na tanuri la umeme, na vijana ninaowafundisha hupima joto kwa mashine. Wakiniuliza nilisomea wapi huwaambia nilisomea jikoni. Hudhani natania.

Siku moja mwanzoni mwa mwaka ule nilikuwa nafinya mtungi wa maji. Nilikuwa nimefika shingoni, na udongo ulikuwa laini kupita kiasi. Shingo ikalegea, ikainama upande, ikasimama hapo.

"Bomoa," Dorsila alisema bila kuinua macho.

"Ngoja kwanza, Mama."

"Unangoja nini? Hiyo imelewa."

Nilikitazama kile chungu. Kwangu hakikuonekana kimelewa. Kilionekana kama mwanamke aliyeitwa jina lake kutoka nyuma, akageuka kuona ni nani. Nilishindwa kukibomoa. Nilichukua maji nikailainisha ile shingo, nikaupanua mdomo kidogo, nikainua bega la upande mmoja ili lifuatane na mgeuko. Dorsila alikuja akasimama juu yangu. Alikizungusha taratibu, akakitazama kila upande. "Choma basi," alisema mwishowe. "Lakini sokoni usiiweke pamoja na zangu."

Tulikuwa tukiuza Migori kila wiki, kwa sababu kule vyungu vya ziwani vilipendwa. Niliweka chungu changu pembeni, na wanawake wa soko walikizunguka kama watu waliokuta mbuzi mwenye pembe tatu. "Hii inasikiliza umbea wa jirani," mmoja alisema, mama mrefu muuza mtama aliyeitwa Nyar Kadem, na hilo jina la umbea likashika. Wiki baada ya wiki waliniuliza kama nimeleta zile za umbea. Nilikuwa nimefinya vingine vinne kufikia wakati huo. Hakuna aliyenunua hata kimoja. Vyungu vya Dorsila vilivyobaki jioni tuliviweka kwa Chacha, kijana Mkuria aliyekuwa na studio ya picha mkabala na nafasi yetu, ambaye alitupa kona ya chumba chake cha nyuma bila kuulizwa. Dorsila hakujua Kikuria, Chacha hakujua Kijaluo, na Kiswahili chao wote kilikuwa cha kuokoteza, lakini walikuwa wakiongea asubuhi nzima. Dorsila alimwita "Mkuria wangu." Naye Chacha alimwita "mathe," yaani mama kwa lugha ya vijana, akamnunulia soda kila alipopata harusi ya kupiga picha.

Tangazo nililiona Homa Bay, ofisi za wilaya, nilikotumwa kumpelekea karani mmoja mtungi wa mkewe. Lilikuwa limebanwa ubaoni karibu na ngazi, nusu limefunikwa na notisi ya chanjo ya ng'ombe. Lilisema kutakuwa na maonyesho ya wafinyanzi wa kisasa kutoka nchi nzima, Nairobi, na kwamba anayetaka kushiriki atume picha tano za kazi zake na ukurasa mmoja wa maelezo. Nililisoma mara tatu. Karani akanikuta hapo.

"Hiyo si yenu, dada," aliniambia, wala hakusema kwa ubaya. "Hiyo ni ya wale wamesomea chuo."

"Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa. Lakini inajulikana."

Nililinakili lote, mpaka sanduku la posta, nyuma ya karatasi iliyofungiwa sukari. Jioni nilimsomea Dorsila, nikilitafsiri. Alisikiliza huku akipepeta wimbi. "Mimi mwenyewe," alisema, "tangu nizaliwe nina picha moja, ile ya kitambulisho. Na nyungu inataka tano?" Nilidhani hilo ndilo jibu lake. Asubuhi nilimkuta amekwisha kufunga vyungu vyangu vitatu kwa majani ya ndizi. "Twende kwa Mkuria," akasema.

Studio ya Chacha ilikuwa na ukuta uliochorwa ndege ikitua kando ya maporomoko ya maji, na wateja walipenda kusimama hapo kama wanaosubiri kupanda. Aliweka chungu cha kwanza kwenye stuli, karibu na maua ya plastiki, akarudi nyuma, akatazama, akakitoa. Alileta shuka jeusi. Akatazama, akakitoa tena. Mwisho alitubebesha kila kitu hadi uani, ambako jua la asubuhi lilikuwa linapita juu ya ukuta wa matofali. Alichuchumaa akakizunguka chungu kwa magoti, suruali ikijaa vumbi.

"Hii iko na bega," aliniambia. "Hujaona? Mtu akiwa na bega namna hii humpigi kutoka mbele. Unamgeuza kidogo."

Ndani, watu waliotaka picha za pasipoti walikuwa wameanza kunung'unika. Mzee mmoja alichungulia mlangoni akauliza kama wao wataendelea kungoja mpaka nyungu imalize kupigwa picha. "Ngoja kidogo, mzee," Chacha akamjibu. "Huyu angalau hapepesi macho." Alipomaliza vyangu vitatu, alimgeukia Dorsila. "Na zako, mathe?" Dorsila alisema zake ni za kupikia, hazina haja ya picha. Chacha hakubishana. Alikwenda mwenyewe kwenye kile chumba cha nyuma, akachukua mtungi mmoja wa maji na chungu kimoja cha mboga, akavipiga vilevile, kwa subira ileile. Hivyo zikawa tano. Alizisafisha mwenyewe, nyeusi na nyeupe, na nilipoziona zimening'inia kwenye kamba zikichuruzika maji, kwa mara ya kwanza niliona nilichokuwa nikifanya. Vyungu vyangu na vya Dorsila, upande kwa upande, vilionekana kama watu wa nyumba moja. Nilikuwa nimejidhania nimevumbua kitu, kumbe lile bega lilikuwa lake.

Jibu lilikuja baada ya mwezi na zaidi, kupitia sanduku la posta la shule ya jirani, nililolitumia kama anwani yangu. Kazi zangu zimekubaliwa. Vyungu viwili vya Dorsila navyo vinaombwa. Tena waliuliza kama ninaweza kufinya kimoja kikubwa, cha kusimama sakafuni, kifike kiunoni mwa mtu. Nilimsomea Dorsila barua hiyo nikiwa nimesimama, maana sikuweza kuketi. Yeye alinitazama kiunoni, kisha akaitazama sakafu ya jiko, akipima. "Udongo wa kawaida hautashika," alisema. "Utaanguka wenyewe. Kesho twende tuchimbe ule mwingine."

Kile cha kwanza tulikijenga kwa majuma matatu, tukipandisha vidole viwili kwa siku na kuacha kikaze. Mvua zilikuwa zimeanza. Nilikuwa na haraka, nikasema kimekauka. Dorsila aligusa kitako kwa shavu lake akasema bado kina baridi, lakini alikubali nikichome, na nimewahi kujiuliza kama alikubali makusudi. Kilipasuka mchana, ndani ya moto, kwa sauti ya mlango mzito unaofungwa na upepo. Nilikaa chini kwenye tope nikalia. Majivu yalipopoa Dorsila aliokota vigae vyote, akavileta penye kinu, akaanza kutwanga. Vigae vikitwangwa na kuchanganywa na udongo mpya huupa nguvu ya kustahimili moto. Nilijua hilo tangu siku zangu za mwanzo. Lakini siku ile sikutaka kujua chochote. Alitwanga peke yake kwa kitambo, kisha akasema, "Akeyo, mimi nina mkono mmoja tu wenye nguvu. Njoo ushike mchi." Nikaenda.

Cha pili tulikiacha jikoni majuma matano, tukikizunguka kwa adabu kama mkwe. Siku ya kukichoma nyasi zote zilikuwa zimelowa, ila ufukweni watu walikuwa wamevuta magugu maji na kuyaanika kwenye miamba ili njia ya mitumbwi ifunguke. Tulibeba mizigo ya magugu makavu na kukifunika nayo juu ya kuni. Yalitoa moshi mzito wa rangi ya maziwa, na nilikuwa na hakika tumekiharibu. Tulipokifunua kilikuwa kizima, chekundu, na juu ya bega kwenda shingoni kulikuwa na mawingu ya kijivu na meusi ambayo mkono wa mtu haungeweza kuyachora. Dorsila alikizunguka mara mbili. "Haya majani yameua samaki," alisema, "lakini kwa nyungu si mabaya." Kwake yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Dereva wa lori la sukari kutoka Awendo, mteja wa Chacha, alitubeba hadi Nairobi, vyungu vikiwa vimelala katikati ya magunia, vimezungushiwa maganda ya maharagwe. Dorsila alikataa kubaki nyuma. Vyungu tulivikabidhi mlangoni siku moja kabla, tukarudi maonyeshoni asubuhi ya ufunguzi, kwenye jumba lenye kuta nyeupe na taa zinazotazama chini. Chungu changu kikubwa kilikuwa kimewekwa karibu na mlango wa kuingilia, peke yake, na kando yake kadi yenye jina langu lote, Pamela Akeyo, na neno "Homa Bay." Nilisimama mbele ya ile kadi muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya chungu. Kisha nilisikia Dorsila ananiita. Alikuwa mwisho wa chumba, mbele ya mtungi wake na chungu chake cha mboga.

"Yangu imeandikwa nini?"

Nilisoma. Nikatamani nisingejua kusoma. "Imeandikwa 'Vyungu vya kienyeji, Waluo. Mfinyanzi hajulikani.'"

Aliinama akaitazama ile kadi. "Hajulikani na nani?"

Barua niliyotuma niliiandika mwenyewe, na ukurasa wa maelezo ulikuwa wangu. Juu ya Dorsila nilikuwa nimeandika sentensi moja, kwamba vyungu hivyo ni mfano wa kazi ya kwetu, na jina lake sikuliweka. Haikuwa hila. Sikuwa nimewaza kwamba jina lake linahitaji kuandikwa, kwa sababu tangu Homa Bay mpaka Migori hakuna aliyehitaji kuambiwa. Lakini langu nililiandika. Nimeshalisema hili mara nyingi, mbele ya wanafunzi na mbele ya watu wakubwa, na kila mara uso wangu hupata moto uleule.

Msimamizi wa maonyesho alikuwa mwanamke mpole wa miaka arobaini hivi, aliyeitwa Stella. Dorsila alimwendea moja kwa moja, kikapu mkononi.

"Madam, mimi niko hapa," alimwambia. "Hiyo karatasi inasema sijulikani."

Stella alieleza kwamba kadi zilichapwa kulingana na maelezo waliyopokea, na kwamba wageni wataingia baada ya saa moja. Nilianza kusema kosa ni langu, lakini Dorsila alininyooshea kiganja ninyamaze. Aliuinamisha mtungi wake taratibu, akaonyesha alama nne za ukucha chini ya kitako. "Hii ni mimi. Enda Migori uulize, enda Rongo uulize. Kama hapa sijulikani, si mbaya, nipatie nyungu zangu nirudi nazo. Siwezi kuacha nyungu kwa mtu hanijui." Hakupandisha sauti. Stella aliinama akazitazama zile alama, akazigusa kwa kidole. Kisha alienda mezani, akarudi na kadi tupu na kalamu, akapiga magoti mbele yake. "Niambie jina lako, Mama, kama nilivyopaswa kuuliza." Akaliandika kwa mkono, herufi kubwa, Dorsila Anyango, akimsomea kila herufi.

Wageni walipoingia, Stella alimwomba Dorsila, kama hatachoka, awaonyeshe kidogo jinsi anavyofinya. Aliketi sakafuni, miguu imenyooka, akatoa bonge la udongo kikapuni, akaomba beseni la maji. Chumba kizima kikamwendea. Wahadhiri wa vyuo, wasanii waliokuwa na majina, wazungu wenye miwani, wote walisimama mduara, na chungu changu pale mlangoni kikabaki na askari. Sitaficha: nilipata wivu. Ulikaa kooni kama mfupa wa samaki. Mhadhiri mmoja alimuuliza anajuaje unene umetosha, na Dorsila akajibu, "Udongo unaniambia hapa," akiinua kidole gumba. Halafu akaongeza, akinitafuta kwa macho katikati ya watu, "Muulize na huyo msichana wangu. Hiyo kubwa ya mlangoni ni yake. Mimi nilimwambia abomoe, akakataa. Mimi nilikosea." Watu waligeuka. Walikwenda mlangoni wakakiona upya, na alasiri nzima sikupata nafasi ya kunywa hata maji kwa maswali. Mfupa ulishuka, sikujua ulishuka saa ngapi.

Siku ya kufunga, Stella alituita kutuambia amefurahi na kwamba angependa turudi. Dorsila alimshukuru, kisha akamuuliza, "Na kwetu mtaonyesha lini? Watu wangu hawatatoka Homa Bay kuja kuangalia nyungu." Stella alicheka, kisha akaona kwamba Dorsila anangoja jibu kwelikweli, akatoa daftari.

Ndiyo maana mwaka ule ulimalizikia Homa Bay, katika ukumbi wa kanisa ulio juu ya soko, mwezi wa Desemba, kuta zimepakwa chokaa upya na vijana wa kwaya. Chacha alileta picha zake zote amezibandika kwenye kadibodi, amevaa koti la harusi. Wafinyanzi saba wa kandokando ya ziwa walileta kazi, na kila mmoja alikuwa na kadi yenye jina. Nilizikagua mwenyewe mara mbili. Stella alikuwa amekuja na vibao vidogo vya "Tafadhali usiguse," akavipanga usiku wa kuamkia ufunguzi. Asubuhi Dorsila alipita akavikusanya vyote akavitia kikapuni. "Mwanamke hanunui nyungu kwa macho," alimwambia, na Stella, ambaye alikuwa ameanza kumjua, akamshikia kikapu.

Milango ikafunguliwa. Wanawake wa soko waliingia na leso zao na watoto wao, na wa Migori walikuwa wamekodi gari zima. Kwa dakika chache walitembea kwa tahadhari kama kanisani. Kisha mmoja alikunja kidole akagonga mtungi, kama kila mwanamke afanyavyo kusikia kama kuna ufa. Ukalia vizuri. Wa pili akagonga, wa tatu, na baada ya hapo ukumbi wote ulikuwa unalia, vyungu vikubwa kwa sauti nene, vidogo kwa nyembamba. Stella alisimama katikati, mikono kifuani, akisikiliza.

Nyar Kadem, yule muuza mtama mrefu, alikuja moja kwa moja kwa chungu changu kikubwa. Aligonga tumbo, akasikiliza. Aligonga bega. Alipitisha kiganja juu ya yale mawingu hadi kwenye shingo, akafuata mgeuko wake mpaka mdomoni, polepole, na hakucheka.

"Iko mzima," alisema. Akasogea nyuma ili akione chote. "Nifinyie moja kama hii, Akeyo. Lakini shingo iangalie mlango, nipate kujua nani anaingia."